Sababu za Kurudi Debre Birhan

Watu wa mtaa wa nyuma ya kanisa la Mikaeli walimjua Zenebech Gizaw kwa harufu kabla ya kumjua kwa sura. Kila Alhamisi, jua likiwa bado halijapata nguvu, moshi wa kuni za mkaratusi ulipanda kutoka uani kwake. Nyuma ya moshi ilifuata harufu ya shayiri iliyochacha na majani machungu ya gesho, na wanaume waliokuwa wakienda kazini wakapunguza mwendo kama punda aliyeona maji. Hiyo ilikuwa siku yake ya kukeneka areke, pombe kali ya kienyeji. Debre Birhan ni mji wa baridi ya kukata masikio, na mkulima aliyeshuka sokoni na kondoo wake haoni kwamba amefika mpaka kikombe kidogo cha areke kimempitia kooni.

Kazi hiyo hakuichagua. Mumewe, Admasu, alikuwa dereva wa lori, na lori lilipomshinda kwenye mteremko wa Tarmaber, Zenebech aliachwa na binti wa darasa la tatu na nyumba ya kupanga ya kebele, serikali ya mtaa. Ndugu wa mume wakamwambia arudi kwa wazazi wake shambani. Akawajibu kwamba shambani hakuna shule, akaazima pipa na mwanzi, akaanza kukeneka. Shuleni binti yake Tirsit aliitwa "Kikombe." Alirudi nyumbani akilia, mama yake akamfuta machozi kwa ncha ya netela, mtandio wake mweupe, akamwambia, "Waache waite. Wewe soma." Tirsit akasoma, akasomea uuguzi, akapata nafasi ya kuendelea na masomo Uswidi, na masomo yalipokwisha akabaki huko, katika mji wa kaskazini uitwao Umeå. Akaolewa na Ermias, kijana mtulivu wa kutoka Dessie, fundi wa lifti.

Mimba mbili zilimharibikia Tirsit. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano alipiga simu.

"Mama, safari hii sitaki kuwa peke yangu. Njoo."

"Nije wapi, mwanangu?"

"Huku. Kuna viza ya kutembelea ndugu. Nitakuambia kinachotakiwa, wewe ukusanye tu."

Zenebech alikaa na simu mkononi hata baada ya Tirsit kukata. Binti anapojifungua, mama yake ndiye humsongea genfo, akachimba kishimo katikati ya ugali ule na kukijaza siagi, ndiye humkanda tumbo, ndiye humwogesha mtoto. Mama wa kambo hatoshi, wala shangazi. Sasa mwanawe wa pekee angejifungua katika nchi ambayo, kwa maneno ya Tirsit mwenyewe, mtu hupewa mkate na chai kisha huambiwa ainuke atembee.

Tirsit alimwelekeza vizuri. Tatizo ni kwamba shemeji yake Zenebech, ndugu mdogo wa marehemu, aliposikia habari hiyo alicheka. "Shemeji, ubalozini si mahali pa kwenda na netela begani ukaeleza shida zako. Kule kuna wataalamu. Namjua mmoja Addis, anaitwa Nebiyu. Amepeleka watu wengi." Zenebech naye moyoni alikuwa akiona haya. Alijiuliza ataingiaje mbele ya Wazungu na kusema anapika pombe ya kienyeji uani. Akaenda kwa Nebiyu, na bintiye asimwambie. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nani hukumbuka wahenga akiwa na aibu?

Ofisi ya Nebiyu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Alikuwa kijana nadhifu mwenye maneno ya kuteleza. "Etete, kaa," alisema, kwa heshima ile anayopewa mama mtu mzima. "Unafanya kazi gani?"

"Nauza areke."

Nebiyu aliweka kalamu mezani, akatabasamu. "Hiyo tuiache hapa hapa. Mengine niachie mimi. Wazungu wana lugha yao, na lugha yao naijua."

Zenebech akadhani anamaanisha Kiingereza. Akatia sahihi kila alipoonyeshwa kidole, kwa herufi zake nzuri za Kiamhari, kwenye karatasi ambazo hakuweza kusoma hata neno moja.

Siku ya mahojiano alifika ubalozini amevaa gauni lake jeupe la sikukuu. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja wa Kiswidi, mwenye nywele za mvi alizozikata fupi, na kando yake mkalimani, binti wa Addis mwenye sauti ya upole. Waliamkiana vizuri. Mswidi akauliza jambo, mkalimani akalileta kwa Kiamhari.

"Unafanya kazi gani, Etete?"

Zenebech alisahau yote aliyoambiwa ayaache mezani. Mtu ameulizwa, mtu anajibu. "Nakeneka areke, mwanangu. Tangu mume wangu afariki."

Mkalimani hakutafsiri. Alitazama karatasi, akamtazama Zenebech, akaitazama karatasi tena. "Hapa pameandikwa kwamba wewe ni msimamizi wa usafi katika kiwanda cha kusindika majani ya chai. Kiwanda kiko Debre Birhan."

"Chai?"

"Ndiyo."

"Debre Birhan? Nani alime chai kule, igande?"

Binti wa watu aliuma midomo ili asicheke, kisha akatafsiri. Mswidi hakucheka. Aliuliza swali la pili taratibu, kama daktari anayebonyeza mahali panapouma. Mbona fomu inasema alizaliwa mwaka mmoja, na pasipoti inasema mwaka mwingine, miaka minane mbele? Zenebech alielewa mara moja. Nebiyu alikuwa amenakili mwaka kutoka cheti cha ubatizo, mwaka wa kalenda ya Kihabeshi, ambayo iko nyuma ya ile ya Wazungu, bila kuugeuza. Alikuwa amempa kazi ambayo hakuwahi kuifanya na uzee ambao haujamfikia.

"Nani alijaza fomu hii?"

"Mtu mmoja niliyemlipa."

"Ulijua alichoandika?"

"Sikujua. Lakini sahihi ni yangu."

Wakamshukuru, akatoka. Hakuhitaji kusubiri barua ili ajue jibu. Barua ilipokuja ilisema viza imekataliwa kwa kuwa maelezo ya mwombaji hayaaminiki na haikuthibitika kwamba ataondoka Uswidi muda ukiisha.

Alirudi kwa Nebiyu barua ikiwa mkononi. Nebiyu aliisoma, akasonya.

"Etete, kwani nani alikutuma useme areke? Ungesema chai, saa hizi ungekuwa unafunga mizigo."

"Na wangeniuliza kiwanda kiko upande gani wa mji?"

"Ungesema kulia! Watajuaje?"

"Wewe kijana," alisema Zenebech, na sauti yake haikupanda, "nilikuja kwako na umri wangu na kazi yangu. Umeniharibia vyote viwili." Akateremka ngazi. Kwenye basi la kurudi alijifunika netela usoni mpaka Debre Birhan, na abiria wa kando yake akadhani anatoka msibani.

Kumwambia Tirsit ndiko kulikokuwa kugumu. Alimwambia kwenye simu, amekaa juu ya kigoda kando ya pipa.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Nilikuandikia kila kitu!"

"Niliona aibu. Nilidhani areke haiingii ubalozini."

"Mama." Tirsit alikuwa analia sasa, lakini kilio chake kilikuwa na hasira ya mtu anayependa. "Mimi hapa nimevaa sare ya hospitali. Sare hii imetoka wapi kama si kwenye pipa hilo? Mimi sioni haya. Wewe unaona haya kwa ajili ya nani?"

Siku zilikwenda, tumbo la Tirsit halikungoja balozi wala barua, na mwezi wa Miazia, Aprili ya Wazungu, ukiwa katikati akajifungua salama mtoto wa kike, bila mama yake. Ermias ndiye aliyepiga simu, na Zenebech alisikia kichanga kikilia kama mwanakondoo kwenye kisima. Mila inasema vigelegele saba kwa mvulana na vitatu kwa msichana. Zenebech alisimama uani akapiga mpaka pumzi zikamwishia, na jirani yake Mulunesh akatokeza kichwa juu ya ua.

"We Mama Tirsit! Hivyo ni vya mvulana au umesahau kuhesabu?"

"Vya mjukuu! Hesabu mwenyewe!"

Huyu Mulunesh naye alikuwa akikeneka areke. Ua ulikuwa mmoja, moshi wao ukichanganyika, na kwa miaka mingi walikuwa wakinyang'anyana wateja kwa maneno matamu na kusengenyana kwa maneno makali. Lakini siku hiyo Mulunesh aliruka ua, akaja kumkumbatia, wakalia pamoja wakicheka.

Usiku ule ule Zenebech alipiga hesabu ya Kanisa. Mtoto wa kike hubatizwa akitimiza siku themanini. Kujifungua kulikuwa kumempita, lakini ubatizo ulikuwa bado uko mbele. Alimpigia Tirsit asubuhi yake. "Tunaomba tena. Na safari hii tutaandika mimi ni nani."

Wakaanza upya, mama Debre Birhan na binti Umeå, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa, kichanga kikinyonya upande mmoja wa kioo na moto ukiwaka upande mwingine. Bima ya safari Ermias aliikata. Nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi wakaiweka bila kuilipia kwanza. Tirsit akatuma barua ya mwaliko, hati ya makazi yao, na ahadi kwamba chakula na malazi ni juu yao. Kisha ikabidi wathibitishe kwamba huyu ni mama wa huyu. Kwa Wahabeshi mtoto hubeba jina la babake, kwa hiyo Tirsit ni Tirsit Admasu na mamake ni Zenebech Gizaw, na mtu wa mbali akiyatazama majina hayo haoni undugu wowote. Tirsit alikuwa amezaliwa nyumbani. Zenebech akapeleka mashahidi kwenye ofisi ya kebele, mmoja wao mkunga kizee aliyemkata Tirsit kitovu. Karani alipomuuliza kama ana hakika, kizee alimjibu, "Na wewe pia nilikukata mimi. Unataka nikuonyeshe nilipokufunga?" Hati ikatoka siku hiyo hiyo.

Fomu ilikuwa na swali: umewahi kukataliwa viza? Tirsit alisita. "Andika ndiyo," alisema Zenebech. "Na useme kwa nini."

Likabaki lile moja lililowashinda. Ushahidi kwamba atarudi. Wenzake wenye mishahara huleta barua ya mwajiri, wenye ardhi huleta hati, wenye watoto wadogo nyumbani huleta vyeti vyao. Zenebech alikuwa hana mwajiri, nyumba ilikuwa ya kebele, na mtoto wake wa pekee alikuwa kule kule anakokwenda. Mambo yote yanayomvuta mtu yalikuwa Uswidi. Hapa alikuwa na pipa.

Alimweleza Gashe Kifle, mwenyekiti wa idir yao, chama cha kuzikana cha mtaa. Gashe Kifle alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwenye miguu mibovu na subira nyingi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jumapili baada ya misa tunakutana. Njoo."

Jumapili wanachama wakakaa kwenye mabenchi ya idir, yale yale ya matangani. Gashe Kifle akaeleza haja. Mzee mmoja akasema andikeni kwamba Zenebech ana ng'ombe ishirini.

"Wako wapi?" akauliza Gashe Kifle.

"Nani ataenda kuwahesabu?"

"Uongo ulishamponza mara moja. Tuandike yaliyopo. Ni yapi?"

Watu wakafikiri. Mmoja akasema Zenebech ndiye mtunza masufuria ya chama tangu enzi za mwenyekiti aliyepita, na hakuna msiba uliopikiwa bila yeye kuamka kwanza. Mwingine akasema hajawahi kukosa mchango. Mama mmoja akasema mtoto wake alipougua, Zenebech alilala naye hospitali wiki nzima, ingawa hakujua hilo lingewasaidia nini Wazungu. Ndipo Mulunesh akasimama, mikono kiunoni.

"Gashe, andika hivi. Andika kwamba jirani yake Mulunesh ameshaapa. Huyu akizidisha hata siku moja huko, wateja wake wote nawachukua mimi, na mapipa yake nayaviringisha mpaka kwangu. Yeye kurudi ni lazima, maana hawezi kulala akijua nauza kuliko yeye."

Mabenchi yakatetemeka kwa vicheko. Zenebech naye alicheka mpaka akafunika mdomo. "Mulunesh, hata nikiwa kaburini sitakuacha uuze kuliko mimi."

"Umesikia, Gashe? Kaandike!"

Gashe Kifle aliandika, kwa lugha ya kistaarabu zaidi. Barua ikapigwa muhuri wa chama, ikatafsiriwa na mtafsiri mwenye leseni, ikaungana na stakabadhi za kodi ambayo Zenebech alikuwa ameilipia areke yake mwaka baada ya mwaka.

Ubalozini kioo kilikuwa kile kile na Mswidi alikuwa yule yule. Mkalimani tu ndiye aliyebadilika, safari hii mwanamume mwenye kikohozi. Mswidi alifungua jalada, akalisoma kwa muda.

"Mara ya kwanza ulituletea karatasi za uongo."

"Ndiyo. Sikuzijua, lakini nilizitia sahihi. Nilitaka kuficha kazi yangu. Sitaki tena."

"Mtoto wako wa pekee yuko Uswidi. Mjukuu wako yuko Uswidi. Kwa nini urudi Debre Birhan?"

Jibu alilokuwa nalo, alilolikariri na Gashe Kifle, lilimtoka kichwani kama mvuke. Zenebech alishika ukingo wa meza.

"Binti yangu nampenda," alisema. "Nitamwogeshea mtoto, nitampikia, nitamwona anabatizwa. Lakini kule mimi nitakuwa mama wa Tirsit tu. Nitakaa dirishani nikingoja arudi kazini anitafsirie dunia. Hapa nina jina langu. Mtu akifa mtaani kwetu, mimi ndiye wanayemgongea. Nikikaa mwezi mmoja, masufuria wataazimana. Nikikaa zaidi watayatoboa." Akaweka netela sawa begani. "Halafu kuna mwanamke anaitwa Mulunesh."

"Nani?"

Akaeleza. Mkalimani alikohoa katikati ya tafsiri, na haikujulikana kama ni kikohozi au kicheko. Mswidi aliandika kitu, muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema, "Tutakujulisha," na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na ahadi yoyote.

Siku za kungoja zilikuwa ngumu. Zenebech alikeneka, akauza, akaenda kanisani, akajizuia kumpigia Tirsit kila saa. Walipompigia aende kuchukua pasipoti, aliikuta ndani ya bahasha iliyofungwa. Hakuweza kuifungua mbele ya watu. Alitoka nje, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, kurasa zote tupu, mpaka akafika penye karatasi ya kijani iliyobandikwa, ikiwa na picha yake. Hakujua ni kukubaliwa au ni namna nyingine ya kukataliwa. Mwanamke mmoja kijana aliyekuwa akipita akasimama.

"Etete, vipi?"

"Nisomee, mwanangu. Hii ni nini?"

Msichana aliinama, akasoma, akachuchumaa pale pale vumbini akambusu mashavu mara tatu. "Umepata, Etete! Siku arobaini na tano!"

Wakakumbatiana, watu wasiojuana hata majina.

Kufunga mizigo kulileta vita. Zenebech alikuwa na unga wa shayiri wa genfo, pilipili ya berbere, unga wa shiro wa kupikia mchuzi, na gauni dogo jeupe la ubatizo lililofumwa na mfumaji wa sokoni, Mdorze. Mulunesh akaingia na kopo la siagi lililofungwa kwa kitambaa.

"Haiwezekani," alisema Zenebech. "Tirsit ameniambia. Nyama na maziwa haviingii Ulaya, wala siagi. Wanatupa."

"Nchi gani hiyo inayoogopa siagi? Ifiche kwenye nepi."

"Mulunesh, nimefika hapa kwa kusema kweli. Leo nikamatwe kwa siagi?"

Mulunesh alinuna kabisa. Aliizunguka nyumba mara mbili akinung'unika kuhusu wazazi wanaolishwa mkate mkavu. Halafu akasimama, uso ukang'aa. "Kaa chini. Vua kitambaa."

"Unafanya nini?"

"Mzigo wanapekua. Kichwa hawapekui." Akachota siagi kwa mkono, akampaka nywele zote kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kama wafanyavyo siku za sikukuu, akisugua kwa nguvu ya mtu anayekanda unga. "Haya. Ukifika, binti yako akikukumbatia atainusa nyumbani."

Katika ndege Zenebech alimwomba radhi kila aliyekaa karibu naye.

Uwanja wa ndege wa Stokholmu, afisa wa mpaka alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Zenebech alidhani akishapata viza mlango umefunguka. Sasa aligundua kwamba kuna mlango mwingine. Kijana aliuliza kwa Kiingereza, Zenebech akaelewa neno moja kati ya matano. Aliweka mezani kila alichokuwa nacho kwa mpangilio alioufundishwa na Tirsit: mwaliko, bima, tiketi ya kurudi, anwani. Afisa alinyanyua tiketi ya kurudi akaelekeza kidole kwenye tarehe, akainua nyusi. Zenebech akainua kidole chake naye, akakiweka kwenye tarehe ile ile, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Yes. Debre Birhan." Kijana akarudia jina hilo vibaya sana. Zenebech akamsahihisha. Kijana akajaribu tena, akagonga muhuri.

Ermias alikuwa akingoja upande wa pili na bango lililoandikwa kwa Kiamhari, "Karibu Bibi." Walipanda ndege ndogo mpaka kaskazini. Tirsit alifungua mlango mtoto akiwa kifuani, na kabla Zenebech hajasema lolote alizika uso wake kwenye nywele za mama yake, akavuta pumzi, akasema, "Ee Mungu, siagi." Mtoto alibanwa katikati yao akapiga kelele.

Zenebech alipika genfo kwa siagi ya dukani, iliyokosa harufu lakini si mbaya. Alimkanda Tirsit tumbo, japo lilikuwa limekwisha pona, kwa sababu mkono wa mama hauna kuchelewa. Jua la kule lilikataa kuzama, na alifunga mapazia akisali, hajui kama ni jioni au alfajiri. Siku ya themanini padri wa Kihabeshi alikuja kwa treni kutoka Stokholmu, wakaazima kanisa la Waswidi lenye mbao nyeupe, na mtoto akazamishwa majini akatoka amekasirika. Zenebech alimfunga gauni la Mdorze. Wakamwita Tsigereda.

Wiki ya mwisho Tirsit alisema, akikunja nguo, "Tunataka kuja kwa sikukuu ya Timket, mwezi wa Januari. Sote watatu. Ila yeye lazima tumwombee viza."

"Nani?"

"Tsigereda. Pasipoti yake ni ya Uswidi, maana baba yake ameshachukua uraia wa huku. Kuingia Ethiopia anahitaji viza."

Zenebech alimtazama mjukuu wake aliyelala mkekani akinyonya ngumi. Alianza kucheka polepole, kisha kicheko kikamzidi, ikabidi akae. "Huyu? Huyu aombe ruhusa kuja kwetu?"

"Ndiyo, Mama. Na picha inatakiwa. Uso mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma pawe peupe."

Wakatandika shuka jeupe sakafuni. Ermias akapanda kiti na simu. Tirsit akamnyoosha mtoto kichwa. Mtoto akafumba macho. Wakampuliza, akayafumbua akafungua mdomo. Wakamfunga mdomo kwa kumchezea kidevu, akageuka kando.

"Bibi, mwite wewe," alisema Ermias.

Zenebech alipiga magoti kando ya kiti, akainama kumwelekea mjukuu, akamwimbia jina lake kwa sauti ya chini. Tsigereda alitulia, akamkazia bibi yake macho makubwa yasiyopepesa, mdomo ukafumba wenyewe, na Ermias, akishikilia pumzi, akabonyeza.